Kanuni ya Nne ya Mezani

Askari kumi na wawili wa Tuntufye walilala chini kwa pamoja, saa nne kasorobo asubuhi, Nyamizi akiwa bado anapuliza chai yake.

Aliweka kikombe sakafuni. Meza ya mchezo wa ngome, ile yenye sumaku chini ya kitambaa, ilikuwa imekaa sebuleni kwake Tabora kwa miaka sita, na kila siku ilimletea mikono ya watu walio mbali. Mtu akisogeza askari wake wa mti huko Kitulo, askari wa rangi hiyohiyo alisogea Tabora peke yake, kwa mkwaruzo mdogo kama wa panya ndani ya ghala. Kulaza askari wote kulikuwa na maana moja tu: nimeshindwa, nakubali.

Lakini Tuntufye hakuwa ameshindwa. Hatua mbili tu zilibaki aingie katika ngome ya Nyamizi na kumaliza mchezo.

Askari wakasimama, wote. Wakalala tena. Wakasimama. Wakalala mara ya tatu, na safari hii hawakuinuka.

Nyamizi aliinama kwenye ukingo wa meza, mahali maneno yanapoandikwa. Maneno ya mwisho ya Tuntufye yalikuwa ya jana: "Shikamoo mama. Naomba uniwie radhi, leo sitaweza kucheza. Nakutakia siku njema." Ya jana asubuhi na ya juzi jioni yalifanana na hayo. Naye alikuwa amemjibu kila mara: "Marahaba mwanangu. Pumzika, ngome haikimbii."

Akayasoma tena, polepole. Tuntufye alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mlinzi wa nyavu za ukungu juu kabisa ya Kitulo, ambako nyavu ndefu kama kuta hukamata ukungu na kuuteremsha ukiwa maji kwa vijiji vya chini. Alikaa huko peke yake miezi miwili miwili. Mtu wa namna hiyo huwa haishii kwenye sentensi mbili. Tuntufye akiomba radhi kwa kuchelewa dakika tano alisimulia na sababu, na jinsi barafu ilivyotanda juu ya nyasi, na viazi alivyotumiwa na mama yake.

Nyamizi aliandika, "Tuntufye, uko salama?"

Jibu lilikawia. "Ahsante sana kwa kunijali, mama. Nashukuru kwa mchezo mzuri."

Na wakati maneno hayo yakijiandika, askari mmoja aliinuka, akatikisika, akaanguka.

Ndipo Nyamizi alipong'amua. Maneno ya kila mtu katika kundi lao yalipita kwanza kwa Mpole. Askari hawakupita kwa mtu yeyote.

*

Kundi lao liliitwa Mezani. Lilikuwa na watu zaidi ya mia nne, waliokutana kupitia meza zao kucheza ngome na kujadili michezo: mbinu, makosa, mashindano, nani alimfunga nani na vipi. Nyamizi ndiye aliyelianzisha alipostaafu kazi ya kupima ardhi, na ndiye mwenyekiti.

Mwaka wa pili kundi lilikaribia kufa. Wazee wawili marafiki walibishania kanuni moja ya mchezo mpaka wakatukanana mama zao mbele ya watu wote, na mmoja wao akazima meza yake, hakuiwasha tena hadi alipofariki. Wengine walileta mezani ugomvi wa ndoa, siasa, mashtaka ya majirani. Waliotaka kucheza tu wakaanza kuondoka. Nyamizi akaketi siku moja akaandika kanuni saba. Lwidiko, fundi wa Iringa ambaye pamoja naye waliliongoza kundi, akatengeneza Mpole.

Mpole alikuwa programu iliyokaa katikati ya meza na meza. Ulichoandika kwa hasira, kilifika kikiwa na adabu. Ukimwita mwenzako mjinga, yeye alisoma kwamba hukubaliani naye. Hukuonyeshwa kilichofika kwake, wala yeye hakuonyeshwa kilichotoka kwako. Maneno mabichi yalifungiwa katika sanduku, na kanuni ya kwanza ilisema sanduku halifunguliwi bila ruhusa ya mwenye maneno. Anayeomba lifunguliwe hutoka Mezani mwaka mzima, hata akiwa mwenyekiti. Nyamizi mwenyewe alidai neno hilo "hata" liwekwe. Alidai pia kwamba maneno yake yapite kwa Mpole kama ya watu wengine.

Kisha kulikuwa na kanuni ya nne. Aliipenda kuliko zote, kwa ufupi wake: Ya nyumbani yabaki nyumbani, mezani tunazungumza mchezo.

Mpole alizishika kanuni zote saba. Soga ya kupita aliiachia; malalamiko aliyageuza kuwa adabu. Hakuchoka na hakusahau.

*

Kwanza alipiga simu ofisi ya wenye nyavu. Mwanamume aliyepokea alikuwa mwungwana. Alimwambia redio ya Kitulo imenyamaza tangu Jumanne kwa sababu ya upepo, jambo la kawaida kila Julai, na kwamba maji yanashuka bombani kama siku zote, maana yake mlinzi yuko kazini. Gari litapanda Jumamosi.

"Leo ni Alhamisi," Nyamizi alisema.

"Ndiyo, mama. Keshokutwa si mbali. Una taarifa yoyote kwamba ana shida?"

"Ameniangushia askari wa mchezo."

"Mama, helikopta haiwezi kupanda Kitulo kwa sababu ya mchezo."

Hakumlaumu. Alirudi mezani, akaandika: "Tuntufye, kama uko hatarini, simamisha askari mmoja tu. Mmoja, nitaelewa." Akasubiri huku amekodoa macho. Dakika tano. Kumi. Hakuna aliyesimama.

Akampigia Lwidiko.

"Shikamoo dada," Lwidiko alisema. Nyuma yake msumeno ulikuwa unalia, kisha ukazimwa.

"Marahaba. Lwidiko, nataka tufungue sanduku. La Tuntufye."

Sanduku lilihitaji sauti mbili, yake na ya Lwidiko. Bila mmoja wao halikufunguka.

"Kuna nini?"

Akamweleza yote: askari, majibu mafupi, simu ya ofisini. Lwidiko alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, inawezekana amechoka tu. Inawezekana amelewa. Mtu akikaa peke yake juu kule, lolote laweza kumpata kichwani."

"Inawezekana."

"Na tukikuta mambo yake ya siri? Mambo ambayo asingemwambia hata mama yake?"

"Basi nitakuwa nimemwona mtu uchi bila ruhusa. Nitamwomba radhi na nitatoka Mezani kama kanuni inavyosema."

"Siogopi kanuni." Sauti ya Lwidiko ilishuka. "Unajua nilimtengeneza Mpole kwa ajili ya nani."

Alijua. Myinga, mdogo wake Lwidiko, aligongwa kichwani na gogo kiwandani, na tangu hapo matusi yalimtoka mdomoni bila yeye kuyataka. Kanisani walimwomba akae nje. Kilabuni alipigwa. Mezani peke yake ndiko alikokuwa mtu kama watu; wengi hawakujua lolote, walimjua kama mchezaji mtaratibu anayeshambulia kwa pembeni.

"Myinga ana maneno ya miaka minne ndani ya sanduku lile," Lwidiko alisema. "Nilimwapia hakuna atakayeyaona. Tukilifungua leo kwa sababu nzuri, kesho atakuja mwingine na sababu nzuri yake. Watu mia nne, dada. Walituamini."

"Walituamini, ndiyo. Na Tuntufye ni mmoja wao." Nyamizi alisimama, simu sikioni, akiitazama meza. "Nisikilize, mdogo wangu. Nikifungua na kumbe si kitu, nimemkosea mtu mmoja, na yuko hai wa kunisamehe au kunikatalia. Nisipofungua na kumbe ni kitu, nani atanisamehe? Ahadi yetu ilikuwa kuwalinda watu na aibu. Hatukuwaahidi kwamba tutaziba masikio."

Upande wa pili mtu aliuliza kama awashe msumeno, na Lwidiko akamjibu kwa ukali asiwashe.

"Lake peke yake," akasema hatimaye. "Siku hizi tatu tu. Hatusomi zaidi ya hapo."

"Siku tatu tu."

"Haya. Sema jina lako."

Wakasema majina yao, mmoja baada ya mwingine.

*

Jumanne, saa kumi na moja jioni. "Mama nisaidie. Mlingoti wa nyavu umeangukia kibanda. Mguu wangu umebanwa chini yake siwezi kuutoa. Redio imevunjika. Ni meza tu inafanya kazi. Mwambie mtu yeyote tafadhali."

Kilichofika Tabora: Naomba uniwie radhi, leo sitaweza kucheza.

Jumatano, asubuhi. "Mama kwa nini unaniambia nipumzike?? Umesoma nilichoandika? Sihisi vidole vya mguu. Usiku barafu imeingia hadi ndani. Nakunywa maji ya bomba lililopasuka. Nakufa huku mama."

Jumatano, mchana. "Nyie ni watu wa namna gani."

Alhamisi. "Labda maneno hayafiki. Nalaza askari. Waangalie askari."

Chini ya hapo Nyamizi aliona kitu ambacho hakukitarajia. Yalikuwa maneno yake mwenyewe ya asubuhi hiyo, Tuntufye kama uko hatarini, simamisha askari mmoja. Na pembeni yake, maneno yaliyofika Kitulo: Mama Nyamizi anakutakia mapumziko mema.

Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alitaka kumlaani Mpole, lakini Mpole hakuwa ameasi hata neno moja. Ya nyumbani yabaki nyumbani. Mwandiko ulikuwa wa Nyamizi mwenyewe.

"Dada," Lwidiko alikuwa anasema kwenye simu. "Dada, mpigie yule mtu. Mimi namwondoa Mpole kwenye meza zenu mbili. Piga sasa."

Nyamizi alimsomea yule mwanamume wa ofisini neno kwa neno, bila kulia, kama alivyokuwa akisoma vipimo kazini: siku, saa, maneno. Alipofika "nakunywa maji ya bomba lililopasuka," mtu yule alimkatiza.

"Imetosha, mama. Naita helikopta Mbeya. Usikate simu."

Lwidiko alipomaliza kazi yake, Nyamizi aliandika: "Tuntufye, mwanangu. Nimekusikia. Nimeyasoma yote. Helikopta inatoka Mbeya sasa hivi. Usilale."

Hakuna neno lililorudi. Alingoja, akitamka jina lake kwa sauti ndani ya chumba kitupu. Kisha askari mmoja, yule aliyeanguka mara ya mwisho, alijiinua kwa tabu na kusimama.

Kwa saa tatu na nusu Nyamizi hakuondoka pale. Alimwandikia kila kitu kilichomjia: bei ya mchele, mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye mihogo, jinsi alivyoogopa ng'ombe utotoni. Kila baada ya muda alimwomba amwinue askari mwingine, na askari aliinuka. Walikuwa wamesimama tisa meza ilipotikisika yote kwa mara moja, na wote wakaanguka ovyo. Alipiga yowe. Baadaye aliambiwa kwamba huo ndio wakati waokoaji walipouinua mlingoti.

*

Jumapili alasiri aliwaita wote, mezani na kwenye simu ya pamoja, maana meza hazikubeba sauti. Meza mia tatu sitini zilikuwa wazi.

Aliwaeleza. Hakujitetea. Aliwaambia Tuntufye yu hai, na kwamba madaktari wameukata mguu wake wa kulia chini ya goti. Kwamba angeokolewa Jumanne, wanasema, mguu ungebaki. Aliwaambia ameomba sanduku lifunguliwe bila ruhusa, siku tatu za mtu mmoja, na kwamba Tuntufye ameshaambiwa. Halafu akasema jambo alilolipanga kwa siku tatu nzima.

"Kosa si la Mpole. Mimi niliandika kwamba mtu aache shida zake mlangoni. Nilidhani naulinda mchezo. Naomba tuifute kanuni ya nne, na naomba Mpole asibadilishe tena neno la mtu bila mtu huyo kujua."

Maneno yakaanza kumiminika ukingoni, kwa adabu, kwa sababu Mpole alikuwa bado kazini. Wengi walikubali. Lakini mwalimu mmoja wa Babati aliandika kwamba kabla ya Mpole alikuwa akiitwa majina kwa kuwa ni mwanamke anayeshinda, na kwamba hataki kurudi huko. Aliuliza, je, ajali moja itufanye tuwarudishe wote penye matope? Watu kadhaa wakamuunga mkono. Nyamizi alikiri kwamba hofu hiyo ni ya haki.

Kisha Lwidiko akasema kwamba kuna mtu anataka kuzungumza bila Mpole, kwa sauti yake, na ameomba mwenyewe.

"Ni mdogo wangu," alisema.

Sauti ya Myinga ilikuwa nzito, na ilikuja kwa mikupuo. "Mbwa nyie," alisema. "Samahani. Wajinga wakubwa, mashetani, samahani, sitaki, inatoka tu. Mimi ni Myinga. Yule mnayemsifu mtaratibu. Mbwa. Miaka minne mnanipenda na hamnijui." Akapumua. "Namtaka Mpole. Bila yeye sina mtu. Lakini nataka iandikwe pale, kwamba huyu kasemewa. Ili siku nikisema nakufa, mtu aulize kasema nini hasa, wapumbavu wakubwa nyie. Samahani. Nimemaliza."

Kisha yule mwalimu wa Babati akawa wa kwanza: "Karibu, Myinga."

Walipiga kura kabla ya jua kuzama. Kanuni ya nne ilifutwa, na mahali pake wakaweka nyingine: mtu akisema ana shida, mchezo unasimama. Anayemtaka Mpole atabaki naye, lakini maneno yake yatakuja na alama, na yeye ataonyeshwa kilichotumwa. Sitini na wawili walikataa, na kati yao kumi na tisa walizima meza zao palepale. Nyamizi alihesabu zilivyozimika, akaumia kwa kila moja.

"Limebaki deni langu," alisema.

"Dada, hakuna anayelidai," Lwidiko alijibu upesi. "Tupige kura tukusamehe. Dakika moja tu."

"Usipige. Watu wanaoogopa masanduku yao yasifunguliwe wanatazama jambo moja tu leo, kama mwenyekiti ataadhibiwa. Nikisamehewa, hiyo kanuni haipo tena. Mwaka mmoja, kuanzia sasa. Wewe utashika uongozi."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitapanda basi."

Akazima meza kwa mkono wake.

*

Siku kumi baadaye alifika hospitali Mbeya, mabega yakimuuma kwa safari. Wodi ilikuwa na vitanda sita. Hakuwa amewahi kuuona uso wa Tuntufye, kwa hiyo alitazama miguu, akaona aibu kwa kutazama miguu, na wakati huo huo kijana mwembamba wa kitanda cha dirishani akamwita.

"Mama Nyamizi."

Hakumwamkia. Nyamizi alisimama kando ya kitanda akiwa bado na mfuko mkononi.

"Ulijuaje ni mimi?"

"Nani mwingine angesimama mlangoni akiogopa hivyo?" Macho ya Tuntufye yalikuwa mekundu. "Niliambiwa utakuja. Nilimwambia muuguzi akuzuie. Halafu nikamwambia akuache."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Usiombe kwanza." Aliinuka kidogo kwa viwiko. "Siku mbili, mama. Siku mbili nakuandikia nakufa, unaniambia nipumzike. Nililala kwenye barafu nikikuchukia. Si mlingoti, wala kampuni. Wewe. Nilikuwa nakupangia matusi. Nilisema nikifa, nife nikiwa nimemlaani huyu mwanamke. Halafu asubuhi ulipoandika umenisikia, nikalia kama mtoto, na hata sasa sijui nikufanyie nini. Mguu wangu unawasha usiku, ule ambao haupo. Kazi sina. Mama yangu anajifanya anacheka. Na watu wote wanaokuja hapa wananiambia nishukuru."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani, kwa staha.

Nyamizi alitafuta neno la kumpoza. Alikuwa na mengi, alikuwa ameishi kwa maneno hayo miaka mingi. Akayaacha.

"Niliandika kanuni mbaya," alisema. "Imekula mguu wako. Sina la kuongeza."

Tuntufye akarudisha kichwa kwenye mto.

"Sijamaliza," alisema.

Nyamizi alivuta kigoda kilichokuwa chini ya dirisha, akakisogeza hadi goti lake likagusa kitanda, akaketi.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Sema yote."